Mti Haujibu Salamu

Zuhura,

Asalaam aleikum, na uipokee vizuri hiyo salamu, maana ni ya kwanza kutoka kwangu kwa siku kumi na moja. Tumekaa nyumba moja, tumekula sinia moja, na maneno yangu kwako yamekuwa "lete chumvi" na "funga mlango". Najua umelia. Nilikusikia kupitia ukuta na sikuja, kwa sababu ningekuja ningekutukana, na mtoto anayesafiri hatukanwi. Ndiyo maana naandika. Niko dukani hapa mtaa wa Asiatique, nimemaliza kuswali alasiri, mteja hakuna hata wa kuuliza bei, na karatasi hii ni ile ninayofungia vitenge, kwa hiyo usishangae rangi yake.

Kesho saa nne gari la hicho kituo chenu litakuja likupeleke milimani, ukingoni mwa msitu, ukawe mwongozaji. Yaani kazi ya kuwaongoza watu wazima kukaa na miti. Miaka minne ya chuo, Zuhura! Nimesimama nyuma ya meza hii hadi magoti yakavimba ili upate diplomu, umeipata, na sasa unakwenda kuwafundisha watu wenye magari namna ya kuvuta pumzi. Pumzi! Kitu ambacho mtoto anakijua kabla hajakatwa kitovu.

Habari za sweta na dawa za malaria atakuambia mama yako mdogo, yeye ndiye anapenda kupanga masanduku ya watu. Mi nina jambo moja tu. Umeniomba radhi yangu mara tatu na mara tatu nimenyamaza. Umemwambia mama mdogo kwamba nakunyima kwa sababu ya dini, au kwa sababu nataka ubaki dukani. Apana. Soma mpaka chini, utajua.

Tuanze na ile Jumapili ya Kajaga, kule ufukweni mwa ziwa. We mwenyewe ulinibembeleza: "Mama, njoo uone kwanza, halafu useme." Haya, nikavaa kitenge changu cha Idi nikaja kuona. Nikaona watu kama ishirini wamekaa mchangani kwenye vimkeka vya plastiki, wamefumba macho, mikono juu ya magoti, kama watu wanaosubiri kupigwa sindano. Nikamwona na mwalimu wenu. Yule si mtoto wa fundi baiskeli wa barabara ya nne? Namjua tangu anacheza mpira wa makaratasi nyuma ya msikiti wetu Buyenzi, kelele zake zilikuwa zinamshinda hata mwadhini. Amekwenda nje miaka miwili, amerudi na shanga mguuni na sauti ya mtu mwenye jino bovu. Akatuambia tuvue viatu ili tuisikie ardhi.

Wallahi nilicheka, na ukanikanyaga mguu ninyamaze. Mi nimetembea pekupeku hadi darasa la sita. Ardhi nimeisikia kwenye miba, nimeisikia kwenye lami ya saa saba mchana, nimeisikia kwenye funza ambao bibi yako alinitoa kwa pini huku amenikalia mgongoni. Ardhi na mimi tulishazungumza, yakaisha. Viatu nilivinunua ili nipumzike nayo.

Halafu akasema tumfungulie moyo kila kiumbe wa ziwa. Nikauliza, na nilikuwa nauliza kwa nia njema kabisa: "Na kiboko?" Watu wakafumbua macho. Akasema kwa ile sauti yake kwamba kiboko naye ni mwalimu. Mwalimu wa nini? Wa kumgawa mtu vipande viwili? Muulize mvuvi yeyote wa pale Kajaga kama amewahi kumfungulia kiboko moyo, au kama alimfungulia njia akakimbia. Lakini mlitikisa vichwa nyote, na wewe ulitikisa zaidi, nikaona aibu kwa niaba yako.

Nitakuambia na hili, ingawa linaniudhi. Alipotuambia kila mtu achague mti wake na auwekee mkono, nilichagua ule wa karibu ili nisichafue kitenge. Nikaweka mkono. Na mdomo wangu, bila ruhusa yangu, ukasema polepole: "Asalaam aleikum." Sikujua hata nilikuwa bado ninayo hiyo salamu. Nikautoa mkono haraka nikajifanya nafukuza mdudu. Hukuona, kwa sababu wakati ule mwalimu alikuwa amekutuma.

Ndiyo, sasa tumefika. Alikutuma kwa wale akina mama waliokuwa wanaanika ndagala pale pembeni. Walikuwa wanne, wametandaza samaki wao mchangani juu ya nyavu kuukuu, wanaongea, wanacheka, wanafukuza kunguru. Mwalimu alisema harufu na maneno yao vinakata utulivu. Nami nikawa najiambia, mwanangu hatakwenda. Nimemlea mimi, hatakwenda. Ukaenda. Ukaenda na tabasamu, mikono umeifunga mbele kama muuguzi.

"Mama, pardon, musogee kidogo kule kwenye miti. Watu wako kwenye zoezi la kuungana na ziwa."

Yule mwenye kitambaa cha njano, anaitwa Mama Furaha, wa kutoka Uvira ng'ambo ya ziwa, aliacha kugeuza samaki. Kisha akauliza: "Kuungana na ziwa gani? Hii hapa?"

"Ni nusu saa tu, mama."

"Kule ni kivuli, mutoto wangu. Ndagala hazikauke mu kivuli. Ziko naoza."

"Nusu saa tu, mama, tafadhali."

Nilikuwa nasikia yote. Mi nilingoja atoe matusi. Wanawake wa Uvira hawana deni la maneno, angekupa mawili matatu ungeyakumbuka hadi uzeeni, na ningemshangilia. Lakini hakutukana. Aliinama, akakusanya nyavu zake na samaki wabichi ndani, akajitwisha, akasema: "Haya, mutoto wangu."

Hapo ndipo nilipofunga mdomo, Zuhura. Si kwa sababu ya shanga wala ya pumzi. Hayo ni upuuzi, na upuuzi haujaua mtu. Ni yale maneno, na namna alivyoyasema. Nilishaambiwa maneno hayo mimi, mara mbili, na baba yangu. Sijawahi kukusimulia. Umekua ukijua kwamba mto ulitubomolea nyumba. Mto haukubomoa kitu ambacho mimi sikuulegezea kwanza.

Unaona nyuma ya nyumba yetu, pale penye mifuko ya mchanga, ambapo tunakatazana kusimama wakati wa mvua? Umezaliwa ukapakuta hivyo, mto Ntahangwa uko chini ya miguu yetu. Haikuwa hivyo. Palikuwa na uwanja, palikuwa na jiko la nje, palikuwa na benchi la babu yako la useremala, na mwisho kabisa, ukingoni, palikuwa na mwarobaini mkubwa ambao watu wawili hawakuweza kuuzungushia mikono. Babu yako alikuwa anachonga vitanda, lakini watu walimjia pia kwa ajili ya gome la mti ule. Wamama wenye watoto wa homa, wazee wenye vipele, Waislamu na Wakristo, wote walikuwa wanagonga mlango wetu.

Sasa sikiliza alivyofanya. Alikuwa anauendea mti na kisu mkono wa kulia, kofia kichwani, anasimama kama mtu aliyefika mlangoni kwa jirani. Anasema: "Asalaam aleikum. Amekuja mama yake Hamisi, wa kule kwa mafundi wa magari. Hamisi ana homa siku ya pili. Naomba ya mtoto mmoja." Halafu bismillah, halafu anakata. Kipande cha kiganja kimoja, upande wa macheo. Akija mgonjwa mwingine, kiganja kimoja upande wa machweo. Jina moja, kiganja kimoja. Akimaliza anachukua udongo na majivu anapaka kwenye jeraha, na haparudii pale mpaka midomo ya jeraha ifunge. Wakija watu wengi siku moja, wa mwisho anaambiwa arudi wiki ijayo au aende kwa mti mwingine. Hata bibi yako alipougua aliingia kwenye foleni.

Nikiwa mdogo nilipenda kumshikia bakuli la udongo. Nikiwa na miaka ishirini nikapata akili, au niliita hivyo. Alikuja mtaani kijana mmoja kutufundisha dini sisi wasichana, kijana mwenye majibu kuliko maswali, na siku moja akatuambia kwamba salamu ni ya mwenye kuijibu, na anayeusalimia mti hana tofauti na anayeuabudu. Nikatoka pale nimejaa. Nikamkuta baba mbele ya mwarobaini, na wateja watano wamepanga nyuma yake, na mmoja wao ni mzee wa msikiti. Mbele ya watu wote wale nikasema: "Baba, mti haujibu salamu. Hiyo ni shirki, unatuaibisha."

Kisu kilikuwa hewani. Hakunigeukia kwa hasira. Alitazama mti, akanitazama mimi, akasema: "Haya, mwanangu." Akakifuta kisu kwenye kanzu, akakitundika kwenye msumari wa jikoni. Tangu siku ile watu wakija anawaambia, mwoneni binti, mimi nimeacha.

Na binti akakichukua kisu! Ee, nilikichukua kwa maringo. Nikawa nakata kimyakimya, Mwislamu safi, bila salamu na bila majina ya watu. Mwanzoni nilifuata kile kiganja, mkono ulikuwa umezoea. Halafu mfanyabiashara mmoja wa hapa hapa Asiatique akaniambia huko ng'ambo wanalitaka gome hili kwa magunia. Nikakubali kabla hajamaliza kusema. Sasa niambie, gunia ningelitajia jina la nani? Gunia halina homa, halina mama wa kusimama mlangoni. Lina mdomo tu. Nikamenya ule mti kuanzia kiunoni kwenda chini, mzunguko mzima, kama mtu anayemenya muhogo. Baba alikuwa kwenye benchi lake anapiga randa mguu wa kitanda. Aliona yote na hakusema, maana nilishamnyang'anya maneno.

Usiniulize kama sikujua kwamba mti ukimenywa mzunguko unakufa. Mtoto wa Buyenzi wa miaka saba anajua. Mi nilijua na nilikata, kwa sababu nilikuwa nimejiridhisha kwamba ule ni mti tu. Huo ndio ujinga wangu, na nimeutafutia jina la heshima miaka thelathini sijalipata.

Majani yakaanza kudondoka kiangazi hicho hicho. Mwaka wa pili ukawa umesimama mkavu, kunguru wanautumia. Mizizi ikaoza chini kwa chini bila kutuambia. Masika yaliyofuata, siku ya Ijumaa, wanaume wako msikitini, nilikuwa nachambua mchele barazani nikasikia kishindo kama lori limemwaga kokoto. Nikazunguka nyuma. Mti haukuwepo. Benchi halikuwepo. Jiko lilikuwa na ukuta mmoja, na sufuria ya maharage ilikuwa inaelea kwenye maji ya tope chini huko, na vitanda viwili vya watu ambavyo baba alikuwa amevimaliza Alhamisi vilikuwa vimejikunja kama njiti. Hakufa mtu, alhamdulillahi. Baba akarudi kutoka msikitini na kanzu yake nyeupe akasimama pale penye mpasuko. Nikapiga magoti, nikasema nisamehe baba, nisamehe.

Akasema, na hii ndiyo mara pekee aliyolizungumzia: "Mi sikuwa mujinga, mwanangu. Nilijua haujibu. Nilikuwa nausalimia ili nione haya ya kuukata sana."

Nikamwomba radhi yake. Akasema: "Haya, mwanangu."

Maneno yale yale, Zuhura. Sauti ile ile. Hakufika Ramadhani iliyofuata. Na mimi hadi leo, nikiwa nakata kitambaa cha mteja, nikiwa natawadha, najiuliza: alinisamehe, au alinyamaza tu kama alivyonyamaza mara ya kwanza? Radhi gani hiyo isiyo na mlango wa kuingilia? Nimelala nayo miaka thelathini kama mtu aliyelala na kokoto ndani ya godoro. Umeniona mkali, umeniita hivyo mbele ya shangazi zako. Huo ukali mwingi ni wa kwangu mwenyewe, unamwagikia tu walio karibu.

Kwa hiyo usidhani nawacheka wenzako kwa sababu wanaongea na miti. Nawacheka kwa sababu hawana cha kuiambia. Mtu anakumbatia mti anasema nahisi, nahisi. Unahisi nini? Umeuomba nini, kwa ajili ya nani, na utaacha kiasi gani? Babu yako hakuwahi kuhisi chochote pale zaidi ya kuona haya, na mti ule ulisimama hadi ulipokutana na mimi. Nyinyi mmelichukua lile neno la salamu mkaacha adabu yake. Mimi niliitupa salamu na adabu ikafuata nyuma yake. Sioni nani kati yetu ana haki ya kumcheka mwenzake, lakini mi ni mama yako, kwa hiyo nacheka kwanza.

Na mnasema kuungana! Mnaungana na ziwa, halafu mnamfukuza anayelijua ziwa kwa mikono yake, ili asiwasumbue. Mama Furaha anajua upepo ukigeuka ndagala wataacha kupanda juu. Anajua mchanga upi unawahi kukauka. Ulimpeleka kivulini ili watu wa ofisini wasikie mawimbi vizuri. Hapo ulikuwa unaumenya mti mzunguko mzima, na hukujua, kwa sababu kisu chako kilikuwa tabasamu.

Sikukatazi kwenda. Ningekukataza ungekwenda tu, na mi najua kiburi hicho kilikotoka. Nenda. Labda huko msituni kuna kazi ya kweli, mi sijui, sijafika. Lakini iko siku, utaniambia, mwanamke wa kule atapita na mzigo wa kuni kichwani na mtoto mgongoni, anaongea kwa sauti na mwenzake, na mwalimu wenu atakukonyeza umwombe apite njia nyingine. Siku hiyo nataka uulize jina lake kwanza. Ukishalijua jina lake, basi mfukuze kama unaweza.

Sasa kuhusu radhi. Juzi niliposema nakwenda kwa mshonaji, nilidanganya. Nilifunga duka nikaenda Kajaga. Nilimkuta Mama Furaha na kitambaa chake kile cha njano, anageuza ndagala. Nikamwambia mi ni mama wa yule msichana wa Jumapili, nimekuja kuomba msamaha. Akaniambia samaki wa siku ile nusu nzima walioza, akawapa bata. Nikamwambia basi nisamehe. Akacheka, Zuhura, akanicheka machoni, akasema: "We mama, ni weye ulitufukuza? Apana. Basi we rudi kwako. Aje mutoto."

Nilikaa naye hadi jua likawa kali, nikamsaidia kufukuza kunguru. Vidole vyangu vilinuka siku mbili, ulikunja pua mezani, sikukueleza. Wakati wa kuondoka niliyasema mbele yake yote ambayo mama anapaswa kumwambia binti yake anayesafiri. Kila neno. Dua, kukuombea, kukusamehe, kukuruhusu, na jina lako kamili, na la baba yako marehemu, nikayarudia ili asisahau. Akaniuliza kwa nini nisikuambie mwenyewe. Nikamwambia kwetu tuna ugonjwa wa kusema "haya, mwanangu", na sitaki mwanangu aondoke nao.

Gari linakuja saa nne. Wao wanaanza kuanika jua likitoka. Ukitoa muda wa njiani, una saa tatu nzima, na Kajaga unaijua njia. Usivae nguo zile nyeupe za pumzi. Ukifika msalimie, mwambie jina lako, shika upande mmoja wa wavu, na mngoje aseme.

Usiitafute radhi yangu ndani ya bahasha hii, haimo. Iko Kajaga kwa Mama Furaha. Kaichukue.

Mama yako,
Mariamu